Sikio la Mheshimiwa Verrinder

Uvumi wenyewe ulikuwa mdogo, lakini Hephzibah Clegg alishindwa kuutoa kichwani. Mfumaji mmoja aliyetoka London alisema eti Mheshimiwa Verrinder, kila akitaka kuwaliza watu bungeni, kwanza huvuta ncha ya sikio la kushoto.

"Sasa hilo linakuhusu nini, mama?" Jabez alicheka. Hotuba za Mheshimiwa, alizozikata magazetini, zilijaa ukutani juu ya kitanda chake. Jumatatu angejiandikisha kwenda Afrika Kusini kupigana na Makaburu.

"Mtu akivuta sikio kabla ya kusema, anatunga. Nimelea mmoja wa hivyo, najua. Ningoje nirudi."

Alikuwa amebakiwa na huyo tu. Enoch, wa kwanza, alikwenda London Jabez akiwa bado ananyonya, asiandike tena.

Bibi mmoja tajiri, ambaye Hephzibah humfulia nguo, alimpatia nafasi bungeni London, kule juu wanakofichwa wanawake nyuma ya wavu wa chuma. Hephzibah akabana jicho kwenye tundu.

Kwanza ulijadiliwa uji wa watoto maskini shuleni. Mheshimiwa aliinuka, kitambi mbele, kidevu kikimetameta mafuta ya nyama. Akavuta sikio.

"Marehemu mama yangu hakuomba sahani ya mtu! Alitulisha kwa jasho lake!"

"Sikieni! Sikieni!" wenzake walinguruma, wengine hata macho hawajafumbua.

Hephzibah alikumbuka maganda ya viazi aliyokuwa akiyaomba jikoni kwa kasisi ili Enoch ale.

Ikaja zamu ya vita. Sikio likavutwa tena.

"Akikata roho, mama alinishika mkono. 'Ningebaki na mtoto mmoja tu,' akaniambia, 'huyo naye ningempa Malkia.'" Akatoa leso, akagusa jicho, akairudisha mfukoni ikiwa na mikunjo yake yote.

Bibi mmoja mwenye manyoya kofiani alikuwa akilia kweli. "Mama gani yule! Siku hizi hawapo tena."

"Wapo," Hephzibah akasema. Akajifunga shali, akaondoka.

Jabez alimpokea mlangoni. "Enhe! Anavuta sikio?"

"Anavuta." Mama yake alipita moja kwa moja hadi ukutani, akabandua hotuba, akazitia motoni moja moja.

"Mama! Umerukwa na akili?"

"Kaa unisikilize.

"Usipokee shilingi ya sajini wa jeshi, maana ukiishika umeshakuwa askari, hata akikutumbukizia ndani ya bia.

"Usifuate bendi ikipita na ngoma zake.

"Usimwamini mwanamume anayelia na leso kavu.

"Usiniletee tena maneno ya yule mtu humu ndani.

"Na Jumatatu usiende. Mimi Enoch ameshanizika. Asikuzike na wewe."