Alfajiri Majabali Yaliponyamaza

Hapo zamani, habari za wagonjwa zilibebwa na Kobe, na maskini ya Mungu, mara nyingi alimfikia mganga watu wameshazika. Kanga akaja na njia mpya: kila alfajiri kila nyumba ipaze sauti, iwe na mgonjwa au haina, na ndege wapokezane mpaka kwa mganga Nungunungu.

Mama Pimbi wa majabalini, mjuaji, akacheka. "Mgonjwa aite, sawa. Mzima aite ya nini?"

"We ita tu, shoga."

Akawa anaita kila alfajiri, lakini kwa matusi: "Tu wazima! Kalaleni huko, wambeya!"

Siku moja homa ya koo ikamwangusha yeye na wanawe. Akafungua kinywa aombe msaada, sauti haikutoka. Watoto wanahema! Akalia kimoyomoyo: "Ewe Mola, ujuaji ni wangu, wanangu wana kosa gani?"

Mara vumbi hilo! Kanga mbio, Nungunungu nyuma yake na dawa. Watoto wakanyweshwa, wakapumua.

Pimbi akanong'ona, "Nani kawaambia?"

Kanga, bado anatweta, akacheka kwa furaha. "Wewe, shoga! Msitu mzima umeita leo, na hakuna aliyetutukana. Tukajua kwako kumeharibika!"