Kaka Aliyerudi Kőszeg

Kengele ya kanisa ilipoanza kulia, mgeni alijipapasa tumbo na kusema, "Saa sita hiyo. Tutafute chakula."

Piroska akasimama katikati ya uwanja. Mtoto yeyote wa Kőszeg, hata wa chekechea, anajua kwamba kengele ya mji huu hulia saa tano, saa nzima kabla ya miji mingine, kwa kuwa ndiyo saa Waturuki walipoondoka mwaka 1532 baada ya kushindwa kuuteka. Na mtu huyu alidai kuwa alizaliwa hapa, akakulia hapa hadi akafikisha miaka kumi na tisa.

Watalii aliowaongoza pamoja na shangazi yake Gizella, wastaafu kumi na wawili kutoka Szeged, walicheka. Walikuwa wamesimuliwa habari ya kengele muda mfupi tu uliopita, wakati mgeni yuko nyuma anavuta sigara.

"Huyu ni kaka yangu Lőrinc," Gizella aliwaambia, naye akicheka kidogo. "Alikimbilia Austria mwaka 1956. Miaka thelathini na mitano anakula kwa saa za Graz, msimlaumu."

"Tumlaumu mkewe basi," alisema mzee mmoja, na kicheko kikaongezeka.

Gizella alikuwa mwongoza watalii kwa miaka ishirini. Yeye hutangulia, na Piroska, binti wa marehemu kaka yake Vendel, hufuata nyuma kuwakusanya wanaochelewa. Siku hiyo Piroska aliwaacha wachelewe. Waliingia mtaa ambao nyumba zake zimepangwa kwa pembe kama meno ya msumeno, wakalazimika kupita wakiambaa ukuta maana katikati palichimbwa mfereji wa mabomba mapya yatakayofika kila ua. Hapo akamdaka shangazi yake mkono.

"Shangazi, unauziwa mbuzi kwenye gunia."

"Tembea. Wageni wanatuangalia."

"Mtu atasahau jina la mwalimu wake, sawa. Lakini kengele?"

"Kichwa cha mtu si kabati, mwanangu."

"Kila anachokijua kilikuwa kwenye tangazo ulilotoa kwenye gazeti la Graz. Kovu la goti, jina la bibi, mbwa mwenye sikio moja. Nje ya hapo hana kitu."

"Tangazo nililiandika mwenyewe. Najua lilivyosema."

Piroska aliumia, kwa sababu aliona kosa ni lake. Tangu mpaka wa Austria ulipofunguliwa, vijana wa zamani wa Kőszeg walikuwa wakirudi na magari ya kigeni na wajukuu wasiojua Kihungari. Lőrinc peke yake alikuwa kimya. Piroska ndiye aliyejitia kuandika barua Vienna, akajibiwa kwamba hakuna orodha yoyote ya wakimbizi yenye jina hilo. Siku ile barua iliposomwa mezani, shangazi aliweka kijiko chini, na tangu hapo hakula vizuri wala kulala. Wiki iliyofuata akatoa tangazo, akiahidi kwamba nusu ya nyumba ya wazazi inamsubiri kaka yake. Na mtu alitokea, kama watu wanavyotokea penye nyumba ya bure.

Walipofika mbele ya duka la mikate, Piroska aliamua kumaliza ubishi.

"Baba mkubwa," alimwita mgeni kwa sauti tamu, "hapa ulivunja nini ulipokuwa mdogo? Baba alikuwa akinisimulia."

Mgeni alitazama mlango, akatazama paa. Jasho lilimtoka juu ya mdomo.

"Dirisha la mwokaji," Gizella akadakia. "Baba akakuchapa ukalala kifudifudi siku mbili."

"Dirisha, ee," alisema mgeni. "Naumia mpaka leo."

Watalii wakacheka tena. Piroska hakucheka. Ziara ilipokwisha na wastaafu kwenda zao kula, alimvuta shangazi yake pembeni.

"Kesho unakwenda ofisi ya mji kuapa kuwa huyu ni Lőrinc. Ukishaapa, hatatoka tena kwenye nyumba ile mpaka ufe. Niambie ukweli, anafanana naye hata kidogo?"

Macho ya Gizella yalijaa machozi, na hayakuwa machozi ya kuigiza. "Nimemlilia kaka yangu kila siku tangu nina miaka kumi na sita. Umemtafuta, hukumpata. Mimi nimempata. Niache, Piroska."

Piroska akamwacha. Tena kesho yake akatia sahihi kama shahidi, huku roho inamuuma, na karani akafuta jina la Lőrinc kwenye orodha ya waliopotea, akampa mgeni mkono wa pongezi.

Jumatatu mafundi wa mabomba waliingia uani kwa Gizella. Kabla ya chakula cha mchana sepetu iligonga fuvu la kichwa, na majirani wakajaa. Gizella alitoka na aproni yake, akasimama ukingoni mwa shimo, akaanza kueleza kwa sauti ileile ya kazini.

"Ni Mturuki. Hapa tulipo ni nje ya ukuta wa zamani, ndipo walipopiga kambi. Wapo wengi chini yetu."

Fundi mkuu alivua kofia. Nani angembishia mwongoza watalii? Nyumba hii ilikuwa imepotelewa na mtu mmoja tu, naye alikuwa dirishani na bakuli la supu ya maharagwe, anachungulia.

Gizella akageuka wasimwone uso. Mturuki yule alikuwa na miaka kumi na tisa na begi mkononi, akaanguka kwenye ngazi za ghala la mvinyo la nyumba hii kwa sababu dada yake alikuwa akimvuta asiondoke.