Zima Injini Zote Mbili

Siku hizo ndege zilirushwa na watu wa kawaida wakiwa nyumbani, wamevaa miwani ya michezo ya kompyuta au wamekaa mbele ya skrini. Safari nyingine zilikuwa za kweli, zenye abiria. Nyingine zilikuwa mchezo tu. Mrushaji hakuambiwa ipi ni ipi, eti asije akaingiwa na hofu.

Nyamizi, fundi cherehani wa Tabora, alirusha kwa skrini tatu zilizoujaza ukuta wa sebule. Jumapili moja mchana, akiwa juu ya ziwa, alisikia kwenye spika sauti ya msimamizi wa safari.

"Zima injini zote mbili, itumbukize majini. Ni jaribio."

"Ndani kuna nani?"

"Hilo halikuhusu."

"Basi sizimi."

"Dada, ukikataa tunakufungia."

Mumewe, Shigela, alikuwa amesimama na sahani ya wali. "Mama Limi, huo ni mchezo. Wafanyie wanachotaka, uje ule."

"Una uhakika?"

Shigela aliweka sahani mezani, akaketi kando yake.

Nyamizi aliishusha ndege kwenye uwanja wa karibu. Magurudumu yalipotulia tu, skrini zote zikazimika, kabla hajaona kama mlango wa ndege utafunguliwa washuke abiria. Simu ikaleta ujumbe kwamba amefungiwa kurusha ndege maisha.

Akanawa, akaanza kula. Mara wakasikia, kupitia ukutani, spika za jirani yao. Msimamizi yuleyule alikuwa akitoa amri ileile.

"Sawa, mkuu," jirani akajibu.

Nyamizi aliacha tonge sahanini, akatoka mbio kwenda kuugonga mlango wa jirani.