Amenidekeza Mno

"Anakupiga?"

"Hapana, mama."

"Analewa? Ana mwanamke nje?"

"Wala."

Msuluhishi wa ndoa akavua miwani. Asubuhi hiyo alikuwa ameshamsikiliza mke aliyevunjwa jino. Huyu wa pili alikuwa amependeza, hana hata mkwaruzo.

"Sasa talaka ya nini, binti?"

"Ananidekeza."

Kando yake alikaa mwanamume mpole, aliyekifuta kiti kwa leso kabla mwanamke hajakaa. Sasa alikuwa akimfungulia chupa ya maji. Msuluhishi alimpenda papo hapo. Kaka wa siku hizi wakisikia kesi ya dada hupotea. Huyu ameacha shughuli zake kuja kumshika mkono.

Kabla ya kupatanisha watu, msuluhishi alifundisha Kiswahili, na ualimu haukuwa umemtoka.

"Neno hilo tulijue kwanza," alisema. "Mtoto hudeka, yaani hujilegeza mbele ya anayempenda. Kudekeza kumetokana na huko kudeka. Ni kumfanya mwenzio awe mtoto."

"Hivyo hivyo, mama! Jiko langu mwenyewe sijui kuliwasha. Nikitaka kazi, anasema nitachoka. Nikinuna, anaomba radhi kabla sijamwambia kosa lake. Hata wa kugombana naye sina!"

"Mwambie na la viatu," mwanamume akamnong'oneza.

"Eh, viatu! Ananifunga kamba za viatu. Mbele za watu!"

Msuluhishi akaangua kicheko, kisha akajuta, maana mwanamke alikuwa analia kweli.

"Mnacheka, lakini mimi naogopa. Akifa kesho, nitaanzia wapi? Nataka niishi peke yangu nijifunze, hata kama nitaunguza sufuria."

Leso ilikuwa imeshafika shavuni mwake. Msuluhishi alimtazama yule mwanamume akimpangusa machozi taratibu, akawaza kwamba angekuwa na kaka kama huyo, ujane usingemwelemea hivi.

Akavaa miwani.

"Sivunji ndoa kwa kusikia upande mmoja. Nendeni mkamlete huyo mume. Namtaka hapa, anitazame machoni, aniambie kama yuko radhi kumwacha mke anayempenda kiasi hicho."

Mwanamke akainamisha kichwa. Mwanamume akasimama, akafunga vizuri kifungo cha koti.

"Ni mimi, mama," akasema. "Aliogopa kuja peke yake."