Mpinzani wa Osmel

Kinyozi alipofika kwenye bustani ya Havana, pale mashabiki wanapobishana kuhusu besiboli kila siku, hakukuta kelele. Osmel, mrusha mpira mstaafu wa timu yao, alikuwa amefariki ghafla alfajiri.

Wote walimpenda Osmel. Kinyozi pia, ila yeye alimponda makusudi ili ubishi unoge. Mfukoni alitembea kwa siri na mpira wenye sahihi ya Osmel.

Wenzake wakamzunguka, mabega yakamziba kila upande.

"Haya, mbishi wetu, mponde," mmoja alisema, macho mekundu. "Tumtetee mara ya mwisho."

Kidole gumba cha kinyozi kikasugua mshono wa mpira mfukoni.

"Yule... hakujua kurusha kabisa!"

Vichwa vikainama.

"Nibishieni," akasema, sauti ikikatika. "Jamani, nibishieni!"