Rangi ya Kibirichia

Roboti iliposhushwa kutoka kwenye lori, mama aliyekuwa mbele ya wachimba viazi alivua gambuti zake akazipanga kando ya mtaro, kama mtu anayeingia wadi ya watoto wachanga.

"Tutaichafua," alinong'ona, akipangusa mikono kwenye leso.

Hapo ndipo damu ilipomchemka Karwirwa. Yeye ndiye aliyeiunda roboti hii ya kuchimba viazi, akaipaka rangi ya udongo wa hapa Kibirichia. Kampuni iliyomwajiri ikaipeleka Nairobi, ikairudisha nyeupe pe, na macho ya buluu ya mviringo kama ya mwanasesere.

"Nani aliwaambia muibadilishe?"

"Madam, roboti dunia nzima ni nyeupe," mbunifu wa kampuni alijibu, akirekebisha kamera. "Inaonyesha usafi. Usiiguse kwanza, tupige picha."

"Usafi? Hapa kitu kisafi shambani ni kile ambacho bado hakijafanya kazi."

Mbunifu alicheka. Karwirwa alichuchumaa, akazamisha mikono yote miwili kwenye tope la mtaro mpaka viganja vikapotea, kisha akaikandamiza kifuani pa roboti. Alipoitoa, alama za viganja vyake zilibaki pale, na tope likateremka polepole hadi kwenye nembo ya kampuni.

"Madam, unaharibu!"

"Mama, vaa gambuti zako," Karwirwa alisema bila kumtazama mbunifu. "Njoo na wenzako. Mikono hivyo hivyo."

Mama alivaa. Akachota tope la kujaa viganja, akaisogelea roboti, akaanzia machoni.