Aliyekaa Puani mwa Ndege

Ving'ora vilipolia saa tisa alasiri, Mzee Walter alikuwa ameshaingia chini ya meza, magoti kifuani, kichupa cha gundi bado mkononi.

"Ni majaribio tu, Mzee," Gaudiosa alimwambia kwa Kiswidi. "Leo ni Jumatatu ya kwanza ya Machi. Stockholm nzima inajua."

Alisema hivyo huku mwenyewe ameng'ang'ania sinki. Kisha akamtazama mzee anavyotetemeka, akasema kimoyomoyo: mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Maana Gaudiosa alijua anamhudumia nani. Roselyn, Mkenya aliyefanya naye kazi ya kutunza wazee majumbani, alimdokezea tangu mwanzo: "Huyo mzee wa mtaa wa Hornstull si Mswidi, skiza tu vile anaongea. Vita ile ya pili ya dunia, ndege za Wamarekani zikipigwa huko Ujerumani zilikuwa zinakuja kutua huku. Wanajeshi wengine wakaoa, wakabaki."

Na ushahidi ulikuwa pale mezani: ndege ya plastiki, mfano wa ile ya mabomu ya Kimarekani waliyoiita Ngome Irukayo. Miaka miwili walikuwa wakiiunda pamoja, kwa kuwa mikono ya mzee ilitetemeka na ya Gaudiosa ilitulia. Mzee aliijua yote. Injini nne. Watu kumi. Bunduki kila upande, hata tumboni, ambako mtu mfupi alijikunja ndani ya tufe la kioo. Walikwenda mchana kweupe, mamia kwa pamoja, kilomita saba juu, katika baridi ya kukata vidole, kupiga viwanda na reli.

"Reli waliikosa mara nyingi," mzee alisema siku moja.

Gaudiosa aliona jambo jingine. Kila mara mzee alisema "wao". Walivaa, walilenga, waliachia. Hata siku moja hakusema "sisi". Mwoga, Gaudiosa aliwaza.

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Mwaka tisini na tisa, kule Uvira, Kongo, ndege ya mabomu ilipita mara moja tu juu ya mtaa wao. Mwanawe Dieumerci alikuwa na miaka minne. Waliomwua, Gaudiosa hatawajua mpaka kaburini, na hakuna atakayekuja Fittja, kitongoji anakoishi sasa, kumgongea mlango na kumwambia pole. Basi akamchagua huyu. Alitaka mtu mmoja tu, katika wote walioangusha mabomu duniani, amtazame usoni aseme: nisamehe.

Kwao, aliyemwaga damu hali naye mtu wala hanywi naye mtu, mpaka atubu kwa kinywa chake. Kwa hiyo Gaudiosa alimwogesha mzee, akamkata kucha, akampikia uji, lakini kahawa ambayo mzee alimmiminia kila siku hakuionja. Aliimwaga kwenye sinki mzee akigeuka.

Mwaka uliopita alimsimulia habari za Dieumerci, ili kumfungulia njia. Mzee alilia mpaka kamasi zikamtoka. Kisha, badala ya kuomba msamaha, akauliza: "Ile ndege ilipita chini? Rubani angeweza kumwona?"

Siku ile Gaudiosa alimchukia kweli. Ni Mungu tu aliyemzuia asiombe ofisini wampe mgonjwa mwingine.

Na sasa muda ulikuwa umekwisha. Kesho asubuhi mzee anahamishiwa kwenye makao ya wazee, ng'ambo ya pili ya jiji, na huko ana watunzaji wengine.

Ving'ora viliponyamaza, Gaudiosa alimshika kwapani akamtoa chini ya meza, akamketisha. Watu tisa wa plastiki walikuwa wameshagandishwa mahali pao. Mzee akamwonyesha wa kumi, mdogo kama punje ya mchele.

"Huyu anakaa puani, nyuma ya kioo, jicho kwenye darubini. Wakikaribia mji, ndege yote iko mikononi mwake." Akamsogezea Gaudiosa kichupa cha gundi. "Halafu anaachia."

Gaudiosa alimgandisha mtu yule. Hapo uvumilivu ukamwishia.

"Ni wewe, sivyo? Hicho kilikuwa kiti chako! Sema basi, Mzee. Niombe msamaha mimi, kwa niaba ya wenzako wote. Nimekungoja miaka miwili, na kesho unaondoka."

Mzee Walter alimkodolea macho.

"Mimi sijapanda ndege maisha yangu yote, Gaudiosa," alisema. "Nilikuwa na miaka kumi na miwili ndege hizi zilipokuja. Tulijificha kwenye chumba cha chini ya nyumba yetu, kule Bremen, Ujerumani, mimi na mama na wadogo zangu watatu. Nilitolewa hai mimi peke yangu. Miaka sitini naiunda ndege hii, naivunja, naiunda tena, ili nijue jambo moja tu."

Akaweka kidole juu ya kile kioo cha puani.

"Aliyekaa hapa, alituona?"